Barua ya wazi: Tuonyesheni pa kupeleka oili chafu

Kwa Waziri mwenye dhamana ya mazingira, kwa wasimamizi wa mazingira na wa viwango, kwa mnaotoa leseni za biashara ya vilainishi, na kwa wakurugenzi wa halmashauri zetu za Kanda ya Ziwa.

Waheshimiwa, natanguliza salamu.

Mimi ni fundi wa magari hapa Mwanza. Nilianza kushika spana nikiwa na miaka 17, na mwaka huu natimiza miaka 22 chini ya magari ya watu. Uwanja wetu uko upande wa Mabatini, karibu na Mto Mirongo. Tuko mafundi watano na vijana wanne wa kujifunza. Nawaandikia kuhusu kitu ambacho nakishika kila siku na kila siku nakosa pa kukiweka: oili chafu, ile inayotoka kwenye injini tunapoweka mpya.

Jumamosi iliyopita iliingia IST, moja ya magari mengi ya Kijapani tunayoyaona kila siku. Kijana alilala chini, akalegeza nati ya sampo (bakuli la oili chini ya injini), akaimalizia kwa vidole. Oili ikaruka kabla hajatoa mkono, ikamwagika kuanzia kiganja hadi kwenye kiwiko, ya moto, nyeusi kama wino. Lita 3 na nusu hivi ziliingia kwenye beseni. Akafungua filta, nayo ikatoa kama kikombe kizima. Kisha akasimama na lile beseni mkononi, akanitazama, akauliza: "Kaka, hii naimwaga wapi? Pipa limejaa."

Swali lile ndilo nalileta kwenu, kwa sababu mimi sina jibu lake.

Kwanza mfahamu ni kiasi gani tunazungumzia. Uwanja wetu ni mdogo, lakini kwa wastani tunabadilisha oili magari manne kwa siku. Kwa lita 4 kila gari, ni lita 16 kwa siku. Pipa la lita 200 linajaa ndani ya wiki mbili. Kwa mwaka tunakaribia lita 5,000, na huo ni uwanja mmoja. Hesabuni nyanja zilizo kuanzia Mabatini hadi Igoma, kisha muongeze bodaboda. Pikipiki inayotembea kilomita 100 kwa siku na kubadilishiwa oili kila kilomita 1,500 inatoa lita 1 kila baada ya siku 15, yaani lita 24 kwa mwaka. Kijiwe chenye pikipiki 30 kinatoa lita 720, na mara nyingi zinamwagwa palepale kijiweni, pembeni ya mtaro, kwa sababu mwenye pikipiki ana abiria anayemsubiri.

Mvua inyeshapo natamani mje msimame na sisi. Maji yanayotoka uwanjani yanashuka na rangi zote za upinde wa mvua juu yake, yanaingia mtaroni, mtaro unaingia Mirongo, na Mirongo unakatiza jiji hadi Ziwa Victoria. Ziwa hilo ndilo tunalovulia sato na dagaa, na ndilo tunalokunywa. Kandokando ya mtaro wetu kuna mama analima matembele na mchicha. Anamwagilia kwa ndoo kutoka mtaroni kiangazi kinapokaza. Mimi ni mteja wake. Mwaka jana tuta lake lililo karibu na uwanja lilikauka lote, majani yakawa ya njano kuanzia pembeni, na alipolichimbua udongo ulinuka gereji. Hakunigombeza. Alihamisha tuta lake hatua kumi mbele. Tangu siku hiyo nakosa amani nikisikia watu wanasema oili inamezwa na ardhi.

Haimezwi. Shirika la mazingira la serikali ya Marekani limewaambia wananchi wake kwa miaka mingi kwamba oili inayotoka kwenye gari moja, kwa kubadilishwa mara moja tu, inaweza kuharibu galoni milioni 1 za maji safi, karibu lita milioni 3.8. Oili inatanda juu ya maji kama ngozi nyembamba na kuzuia hewa isiingie. Ikiwa udongoni inaziba nafasi za hewa na maji, mizizi inakufa.

Lakini ubaya mkubwa ni ule usioonekana kwa macho, na hapa naomba mnivumilie nieleze kifundi, maana nimeona hata mikutanoni oili inazungumzwa kama mafuta ya kupikia yaliyochafuka.

Dumu la oili mpya lina vitu viwili. Sehemu kubwa, kati ya asilimia 75 na 90, ni mafuta ya msingi. Inayobaki ni dawa. Kuna dawa ya kuosha, yenye kalsiamu au magnesi, inayozuia uchafu usigandie kwenye pistoni na kupoza tindikali inayotokana na moto wa injini. Kuna dawa inayoshika chembe za masizi na kuzifanya zielee zisijikusanye. Kuna ya kuzuia povu, na kuna ya kufanya oili isiwe maji injini ikichemka wala uji asubuhi. Na kuna dawa yenye zinki na fosforasi, ambayo inajipaka kwenye kemu na vyuma vinavyosagana na kutengeneza utando unaovikinga visilane. Dawa hizi ndizo uhai wa injini. Mtu anayesema oili ni oili tu hajawahi kufungua injini iliyotumia mafuta matupu.

Hapohapo niseme na wenzangu: oili kuwa nyeusi si dalili kwamba imekufa. Mara nyingi ni dalili kwamba ile dawa ya kushika masizi inafanya kazi yake. Kuna wateja wanaomwaga oili nzuri baada ya kilomita 2,000 kwa kuona rangi tu, na kila lita inayomwagwa mapema ni lita nyingine inayotafuta pa kwenda.

Sasa oili hiyo ikishazunguka ndani ya injini kwa miezi, inatoka na nini? Inatoka na zinki na fosforasi ilizoingia nazo. Inatoka na unga wa chuma, shaba, alumini na risasi kutoka kwenye bushi na pistoni. Inatoka na petroli au dizeli iliyovuja kupita kwenye ringi. Na inatoka na kemikali zinazozaliwa mafuta yanapoungua, mojawapo ikiitwa benzopireni. Hiyo, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani limeiweka kundi la 1, yaani kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Kijana wangu anaoga nayo hadi kiwiko mara nne kwa siku, kisha ananawa kwa petroli, kisha anakula ugali. Mimi nilifanya hivyohivyo kwa miaka kumi na zaidi, na hakuna aliyeniambia. Aliyenifundisha kazi naye hakuambiwa. Glavu nilianza kununua baada ya kusoma mwenyewe kwenye simu.

Waheshimiwa, sheria tunazo. Tanzania iliingia kwenye Mkataba wa Basel mwaka 1993, na mkataba ule unaitaja oili ya madini isiyofaa tena kwa kazi yake kuwa miongoni mwa taka zinazodhibitiwa. Tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za taka hatarishi chini yake. Sipingi hata neno moja la sheria hizo. Ninachosema ni kwamba sheria inaniambia nisimwage, na haijanifikishia mlangoni mtu wa kunipokea.

Nimejaribu. Miaka mitatu iliyopita nilikusanya mapipa mawili, nikaenda kwenye ofisi moja, sitaitaja, nikauliza niyapeleke wapi. Nilielekezwa dirisha la pili, la pili likanirudisha la kwanza, na mwisho afisa mmoja akaniambia kwa upole, "Fundi, tafuta tu mtu anayenunua." Miezi michache baadaye walikuja watu wa ukaguzi wakakuta doa la oili uwanjani, tukaandikiwa faini. Tulilipa kwa kuchanga. Doa lilikuwepo kweli, sikubishana. Lakini niliwauliza swali lilelile la kijana wangu, na waliondoka bila kulijibu.

Huyo "mtu anayenunua" yupo. Anapita na kirikuu, ana madumu ya lita 20, analipa papo hapo. Na kwa kuwa mmekaa mbali na biashara hii, ngoja niwaambie inakwenda wapi, kwa niliyoyaona mwenyewe.

Nyingine inakwenda kwa wauza mbao. Papi na kenchi zinapakwa oili chafu kuzuia mchwa, kisha zinapanda kwenye paa la nyumba ambayo watoto watalala chini yake. Nyingine inakwenda kwa mafundi ujenzi, wanapaka mbao za kumwagia zege zisigande. Nyingine inachomwa kwenye matanuri kama kuni, na ule moshi unabeba metali zilizokuwa ndani yake hadi kwenye mapafu ya jirani. Kuna wafugaji wanaowapaka mbuzi na mbwa dhidi ya kupe. Na nyingine, hii ndiyo inayoniuma zaidi kama fundi, inachujwa kwa kitambaa, inaongezwa kitu cha kuipa rangi, inaingia kwenye dumu lenye nembo inayojulikana, na inarudi dukani kama oili mpya. Nimefungua injini ya Noah iliyowekewa oili ya namna hiyo. Ndani palikuwa na lami. Mwenye gari alikuwa dereva wa kukodishwa, na injini ile ilikuwa mkopo ambao hajamaliza kuulipa. Tangu hapo uwanjani kwetu kila dumu tupu linatobolewa kwa msumari, chini na ubavuni, kabla halijatupwa. Ni jambo la sekunde mbili, na mnaweza kulifanya kuwa sharti la leseni kwa kila gereji na kila duka kuanzia kesho.

Kuhusu oili mpya nina ombi jingine, na hili ni la wenye viwango. Nyuma ya dumu huwa kuna herufi mbili ambazo wateja wengi hawajui maana yake. Kwa injini za petroli zinaanza na S, na herufi ya pili inavyosonga mbele ndivyo oili inavyokuwa ya kisasa: SN ni ya 2010, SP ni ya 2020, SQ ni ya 2025. Dumu lililoandikwa SF nimelishika kwa mikono yangu dukani mjini hapa. Taasisi ya petroli ya Marekani, ambayo ndiyo inayopanga madaraja hayo, inasema SF haifai kwa magari mengi ya petroli yaliyotengenezwa baada ya 1988. Ni magari mangapi ya kabla ya 1988 bado yanatembea Mwanza? Na oili nene ndiyo nzuri, wanasema wauzaji, kwa hiyo gari lililoandikiwa oili nyepesi ya 5W-30 linajazwa nzito ya 20W-50 au namba 40 tupu. Asubuhi oili nzito inachelewa kupanda hadi kwenye kemu, vyuma vinasagana vikavu, injini inatumia petroli zaidi, inaanza kula oili, inatoa moshi wa bluu. Fosforasi iliyo ndani ya oili inayoungua inakwenda kukaa kwenye masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi, na kuyaua. Ndiyo maana tangu 2004 kiwango cha oili za magari ya petroli kinachotumika Marekani na Japani kinaweka kikomo cha fosforasi cha asilimia 0.08. Masega yakishakufa, mwenye gari anayang'oa na kuyauza, na kuanzia hapo moshi wote unakuja kwetu ukiwa haujachujwa.

Kuna pia vile vichupa vya dawa ya kuongeza kwenye oili. Baadhi ni vinene kama asali na kazi yake kubwa hapa mtaani ni kunyamazisha injini inayogonga mpaka gari liuzwe. Vikaguliwe, na kila chupa iandikwe kwa Kiswahili ndani yake mna nini.

Ziwani sitakaa sana, wavuvi wanaweza kujisemea wenyewe, ila mjue kwamba injini nyingi za mitumbwi ni za mipigo miwili. Oili yake inachanganywa na petroli, lita 1 kwa lita 50, na injini za zamani za aina hiyo zinaweza kutema hata robo ya mafuta bila kuungua, moja kwa moja majini. Mikopo ya uvuvi inayotolewa na serikali ingeanza kupendelea injini za mipigo minne, ziwa lingeshukuru.

Narudi kwenye mapipa yangu, maana ndiyo yaliyonifanya niandike.

Oili haichakai kabisa. Mafuta ya msingi yanabaki, kinachoisha ni dawa na kinachoongezeka ni uchafu. Kiwanda chenye mitambo sahihi kinaitoa maji na petroli, kinaichemsha kwenye ombwe ili mafuta yapande na uchafu ubaki chini, kisha kinaisafisha kwa hidrojeni. Kutoka galoni 1 ya oili chafu, karibu lita 3.8, zinapatikana takriban lita 2.4 za oili inayoweza kurudi kwenye injini. Kiasi hicho hicho ukikitafuta kwenye mafuta ghafi unahitaji galoni 42, karibu lita 159. Kwa hiyo tunachomwaga mtaroni ni mali, na ni mali ambayo nchi inainunua kwa fedha za kigeni.

Waitaliano wana chombo cha kitaifa cha kukusanya oili chafu kinachofanya kazi tangu 1984, na leo karibu yote wanayoikusanya inasafishwa upya. Afrika Kusini wana taasisi inayofanya kazi hiyo tangu 1994. Wote wametumia njia moja rahisi: anayetengeneza au kuingiza oili mpya analipa kiasi kidogo kwa kila anachouza, na fedha hiyo ndiyo inayolipa magari ya kupita kukusanya chafu. Fundi hatozwi. Anapigiwa simu kwamba lori linakuja Jumatano.

Hilo ndilo ninaloliomba. Kila lita ya oili inayoingia bandarini au kuchanganywa kiwandani hapa nchini ibebe tozo ndogo, na tozo hiyo isipotelee kwenye mfuko mkuu, iende kwenye kukusanya. Kila kata yenye gereji iwe na tangi lenye paa na sakafu ya zege. Mkusanyaji mwenye leseni apite kwa ratiba inayojulikana, apime, aandike, atupe risiti. Risiti hizo ndizo zitakazowasaidia ninyi wakati wa ukaguzi: badala ya kutafuta doa uwanjani mtaniuliza, fundi umenunua lita ngapi na umerudisha ngapi? Hapo mkinikuta na pengo nipigeni faini, nitalipa bila kinyongo. Na vyuo vya VETA viingize somo hili kwenye mwezi wa kwanza wa ufundi magari, pamoja na glavu, kabla kijana hajalala chini ya gari.

Msiniambie haiwezekani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, na ndani ya wiki chache tulikuwa sokoni na vikapu. Petroli yenye risasi iliondoka Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006, na mimi nilikuwa tayari naijua kazi ya spana. Hakuna gari lililosimama kwa ajili hiyo. Mambo hayo yalifanyika kwa sababu mliweka tarehe na mkaisimamia.

Siku ile nilimjibu kijana wangu aimimine kwenye madumu matupu ambayo hayajatobolewa, tukayapanga nyuma ya kontena. Sasa hivi nina mapipa matatu yaliyojaa na madumu tisa. Nimeyaweka juu ya matofali na kuyafunika bati, na bati nimelibana kwa mawe, lakini mvua za vuli zikija na upepo sina uhakika nalo. Kwa hiyo nawaomba, hata kabla ya kanuni na tozo, mtume mtu mmoja mwenye lori. Tani tatu inafika mpaka mlangoni. Ikiwa mvua imenyesha, dereva asipite njia ya chini ya mtoni, huwa panajaa maji. Azunguke kwa juu, aulize gereji ya mwembeni, watamwonyesha. Tupo kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, Jumapili tunafunga saa saba mchana.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa magari,
Mabatini, Mwanza